Mwatima Hakuona Muhali

Ukitaka kusikia nchi ikisemwa mpaka ikabaki mifupa mitupu, hukuwa na haja ya kwenda mbali. Ulikuwa unakwenda saluni ya Nusrat, chini ya jumba la sita pale Michenzani, ukamkuta Mwatima kapiga magoti mbele ya mguu wa bibi harusi, koni ya hina mkononi, anachora maua huku anaeleza. Mkono ulikuwa na kazi yake na mdomo ulikuwa na kazi yake, na hakuna uliokuwa ukimchelewesha mwenziwe.

Alikuwa na haki ya kusema. Alisoma ualimu wa hisabati, akamaliza chuo kikuu vizuri, akajitolea kufundisha skuli moja ya shamba mpaka viatu vikamwishia soli. Nafasi za kazi zilipotoka aliomba, akaitwa kwenye usaili, akajibu hata waliokuwa wakimsaili wakawa wanatazamana. Kazi akapewa binti mmoja aliyekuwa akinakili majibu kwake darasani, ambaye baba yake na mkubwa wa ile ofisi walikuwa hawaachani msikitini wala harusini. Mwatima akaomba tena. Majibu yakawa yale yale. Mwisho alivifunga vyeti vyake kwenye mfuko wa plastiki, akavitia chini ya godoro la mama yake, akashika hina.

"Mimi nchi hii sina langu," alikuwa akisema. "Wenye nayo wanajijua. Sisi wengine wapangaji tu."

Watu walipokwenda kujiandikisha kupiga kura, yeye hakwenda. Kaka yake aliyekuwa Muscat alikuwa akimpigia simu kila wiki kumwambia kuna duka la nguo linataka msichana anayejua hesabu, na Mwatima alishatoa paspoti. Ilikuwa imebaki viza tu.

Nje ya saluni, barazani, walikuwa wakikaa vijana wa jumba lile wakicheza dhumna, wakigonga vipande. Mkubwa wao alikuwa Kheir, fundi simu, kijana mrefu mwenye sauti ya kuwaita watu wa ghorofa ya tano bila ya kunyanyuka. Mwatima akianza kuisema nchi ndani, wao nje wanaitikia.

"Sema dada! Nambie nani atabisha!"

Na hakuna aliyekuwa akibisha. Yalikuwa mazungumzo matamu, na kila mtu alikuwa akiondoka pale anajiona yeye safi.

Basi asubuhi moja, jua bado halijawa kali, kizee mmoja wa Chwaka aliyekuwa akiitwa Bi Sichana, mkulima wa mwani, alikuja mjini kliniki ya macho. Alifika mbele ya jumba la sita, akasimama penye alama za pundamilia, mkoba wake kwapani. Basi la abiria likasimama kumpisha, dereva akamwashiria kwa mkono: pita, bibi. Bi Sichana akaingia barabarani. Hakufika kati. Noah nyeupe ilitoka nyuma ya lile basi, ikalipita lilipokuwa limesimama, na dereva wake simu iko sikioni.

Mwatima alikuwa mlangoni anamwaga maji. Aliona yote, kama mtu anavyoiona nyumba yake.

Aliyekuwa akiendesha ile Noah alikuwa Anuar, mtoto wa Bi Maisara wa ghorofa ya nne, anayechukua wageni uwanja wa ndege kuwapeleka mahotelini. Alishuka, akashika kichwa, akasema, "Yallah!" Akamtazama yule kizee chini, akatazama watu wanavyokuja, akaingia tena garini akaondoka. Vijana wa baraza ndio waliomkimbilia bibi. Kheir alimnyanyua Bi Sichana kwa mikono yake miwili, damu ikamwingia kwenye fulana, akamtia kwenye gari ya kwanza iliyokubali kumchukua. Mguu ulikuwa umevunjika pabaya.

Jioni ile Anuar alikwenda polisi mwenyewe. Akasema kizee alijitupa mbele ya gari, macho hayaoni, na yeye aliondoka kwa kuogopa watu wasije wakampiga. Jumba zima likapumua. Anuar alikuwa kijana wao, mpole, anayebeba ndoo za maji za wazee mpaka juu bila ya kuombwa. Watu wakasema bahati mbaya, Mungu amponye bibi wa watu, yakaisha.

Hayakuisha. Wiki chache baadaye alikuja mwanamme mmoja wa makamo, kandambili miguuni, kofia mkononi, akasimama mbele ya baraza. Muda huo huo vijana walikuwa wamepamba moto juu ya habari ya mradi mmoja uliokuwa umeliwa pesa, na Kheir alikuwa amesema kwa sauti yake ile, "Nchi hii haina sheria! Mtu anafanya analotaka na hakuna wa kumuuliza!"

"Assalaamu alaykum," alisema yule mgeni.

"Waalaykumu ssalaam. Karibu, kaka."

"Mimi naitwa Machano, natoka Chwaka. Mama yangu ndiye aliyegongwa hapa. Natafuta mtu aliyeona. Polisi wananambia neno la dereva moja na neno la mama moja, na mama macho yake ndiyo hayo. Lile basi lililompisha hakuna aliyeshika namba yake. Bila ya shahidi kesi haisimami, na bila ya kesi, watu wa bima hawatusikilizi." Akaigeuzageuza kofia yake. "Mama ananambia kuna kijana alimnyanyua. Ningempata huyo tu."

Dhumna zilinyamaza. Mmoja akawa anatazama simu yake, mwengine akainamia kamba ya kiatu. Kheir akakikuna kidevu.

"Siku ile sisi hatukuwapo hapa, kaka," alisema. "Pole sana. Mungu atamponya."

"Amin," alisema Machano. Hakuwalaumu. Alivaa kofia yake, akawashukuru, akaondoka.

Ndani, Mwatima alikuwa anamchora msichana mmoja wa Kikwajuni. Alisikia kila neno. Mkono wake, ambao haukuwa umewahi kukosea, uliteleza, na tawi la hina likapanda juu ya kifundo cha mguu pasipotakiwa tawi.

"Vipi tena?" aliuliza bibi harusi.

Mwatima aliiweka koni chini. Akachukua mtandio wake.

"Unakwenda wapi?" Nusrat alimshika mkono. "Mwatima, yule ni Anuar."

"Najua ni Anuar. Na yule aliyegongwa ni mama yake mtu."

Akatoka, akapita katikati ya baraza bila ya kumsalimia yeyote, akamkimbilia yule mgeni mpaka karibu na mzunguko wa barabara.

"Kaka! Kaka Machano! Mimi nimeona."

Machano aligeuka. "Umeona nini, dada yangu?"

"Yote. Nipeleke huko polisi sasa hivi, kabla sijaanza kufikiri."

Wakaenda. Askari wa usalama barabarani aliyemwandika maelezo alimuuliza mara mbili kama ana hakika, na mara ya pili aliuliza taratibu, kama mtu anayempa mwenziwe nafasi ya kurudi nyuma. Mwatima akasema ana hakika. Akatia saini.

Mjini kwetu habari haina haja ya simu. Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa ameshaambiwa na watu watatu ngazini. Mama akamwekea chai, akasema, "Mimi sikwambii uende mahakamani wala usiende. Nakwambia ule kwanza." Mwatima alijua hiyo ndiyo ruhusa.

Siku ya pili, baada ya alasiri, Bi Maisara alipiga hodi.

Ni lazima niseme Bi Maisara alikuwa nani kwa Mwatima. Ndiye aliyemfundisha juzuu za Kurani, pale ghorofa ya nne, kwenye mkeka, Mwatima akiwa hajang'oa jino la kwanza. Mama yake alipokuwa akilazwa hospitali, ni kwa Bi Maisara alikokuwa akila na kulala. Katika jumba lile hakuna mtu ambaye Mwatima angeona uzito zaidi kumkosea.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba, mwanangu." Bi Maisara alikaa ukingoni mwa kiti, hakuegemea. "Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kukuuliza. Anuar kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Mimi je?"

"Wewe Bi hujanifanyia ila wema."

"Basi?" Bi Maisara aliinama mbele. "Si wewe uliyekuwa ukisema kutwa nchi hii huna lako? Nilikuwa nakusikia mpaka juu. Leo hiyo serikali isiyokupa hata ubao wa kufundishia, unakwenda kuitolea ushahidi juu ya ndugu yako? Huoni muhali kunitenda hivi, mimi niliyekulea?"

Lilikuwa swali zito. Mwatima alitazama mikono yake, vidole vimeiva kwa hina.

"Naona muhali, Bi," alisema. "Lakini nimefikiri. Yule mzee aliyeninyima kazi, unadhani ni shetani? Ni mtu wa kusali kama sisi. Mwenzake kamletea mtoto wake, akaona muhali kumkatalia. Basi. Kitu chenyewe ndicho hicho. Yeye kaona muhali kwa mwenzake, mimi nimekosa kazi. Sisi tukiona muhali kwa Anuar, bibi wa watu atabaki na mguu wake na hana wa kumsemea. Mimi siwezi tena kumtukana yule mzee halafu nikafanya kama yeye."

Chai aliyowekewa Bi Maisara ilikuwa inapoa.

"Umesoma, mwanangu," alisema mwisho. "Mimi maneno hayo siyawezi. Mimi najua Anuar ni mwanangu." Akanyanyuka, akatoka bila ya kuigusa ile chai.

Mwatima alilia siku ile. Halafu akanawa uso, akateremka kazini.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Akipita barazani, mazungumzo yanakatika. Mabibi harusi wa jumba lile na la jirani wakaanza kupata mchoraji mwengine huko Kwahani. Ngazini watu wakawa wanamwitikia salamu kwa ncha ya ulimi. Aliyekaa naye ni Nusrat.

"Watarudi," alisema Nusrat, anapanga chupa za mafuta ya nywele kama hakuna kilichotokea. "Hina yako hawaipati kwengine. Juzi nimemwona mmoja kachorwa huko, miguu utadhani kakanyaga lami."

Mwatima akacheka, kicheko cha kwanza katika siku nyingi.

Kesi ilipofika mahakamani, ndipo alipoujua uzito wa kuwa shahidi. Anaamka mapema, anavaa buibui lake zuri, anakwenda, anakaa kwenye benchi la ukumbini, jua linapanda, mara karani anatoka na kutangaza kesi imeahirishwa. Mara hakimu hayupo. Mara jalada halionekani. Mara wakili wa Anuar ana safari. Bi Sichana na Machano walikuwa wanatoka Chwaka kila mara, yeye kizee na magongo yake, mguu umekaa upande. Mara ya kwanza Mwatima alipomsalimia na kujitambulisha, Bi Sichana alimshika uso kwa viganja vyake vikavu, akamvuta karibu na macho yake mabovu ili amwone.

"Ndiye wewe? Mbona mdogo hivi? Mimi nilidhani watanitafutia bwana mkubwa mwenye tumbo lake!"

Na kesi ilipoahirishwa tena siku ile, alisonya. "Mwanangu, bahari ingekuwa inaahirishwa namna hii, Chwaka kote tungeshakufa njaa."

Nyumbani, Kheir alimwona akirudi na jua kichwani. Akamwambia kutoka barazani, bila ya kumtazama sawasawa, "Si nilisema? Watakuchosha mpaka uache mwenyewe."

"Mwaka huu sichoki," alijibu Mwatima, akapita.

Lakini alikuwa amechoka. Viza ilikuwa imetoka, na kaka yake alikuwa akipiga simu kuuliza amkatie tiketi ya lini. Siku moja kesi ilipoahirishwa kwa mara nyengine, watu wote wakanyanyuka kuondoka kama kawaida, yeye hakunyanyuka. Alikwenda mpaka mezani kwa karani.

"Samahani. Nataka kujua kwa nini leo imeahirishwa."

Karani alimtazama. "Wewe nani?"

"Shahidi."

"Shahidi haulizi, dada. Shahidi anaitwa."

"Imeandikwa wapi? Nionyeshe, nikiona naondoka."

Karani akataka kucheka, akaona yule msichana hachezi. Nyuma yake Bi Sichana alikuwa amesimama na magongo yake, na nyuma ya Bi Sichana walikuwa wamesimama watu wa kesi nyengine, ambao nao walikuwa na swali hilo hilo na hawakuwahi kuliuliza. Karani akaingia ndani. Akakaa huko. Alipotoka alikuwa na tarehe ya karibu, na mwendesha mashtaka mwenyewe akatoka akasema siku hiyo mashahidi watasikilizwa, na asiyefika, hakimu atajua la kufanya.

Siku hiyo ilipofika, ukumbini, Mwatima alikutana uso kwa uso na Anuar. Alikuwa amekonda.

"Ungeweza kunyamaza, Mwatima," alisema polepole.

"Na wewe ungeweza kusimama."

Anuar akaitwa ndani.

Mwatima aliapa, akaeleza. Alisema basi lilikuwa limesimama, alisema bibi alikuwa kwenye alama, alisema simu ilikuwa sikioni. Wakili wa Anuar, bwana mmoja mwenye miwani na sauti laini, alimzunguka upande huu na upande huu.

"Una ugomvi na familia ya mshtakiwa?"

"Sina. Mama yake ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani."

"Unakubali kwamba huyu bibi ni mgonjwa wa macho?"

"Nakubali."

"Kwa hivyo hakuwa anaona vizuri anapokwenda."

"Yeye ndiye mgonjwa wa macho," alisema Mwatima. "Gari ilikuwa inaendeshwa na mzima."

Mle ndani mtu mmoja alikohoa. Wakili akageuza upande mwengine, akasema kwa hakimu kwamba mahali pale huwa pamejaa watu kutwa, na ni ajabu katika watu wote hao kapatikana mmoja tu aliyeona. Neno hilo lilimwingia Mwatima, kwa sababu lilikuwa kweli. Alishuka pale alipokuwa amesimama, asijue kama maneno yake yametosha.

Tarehe ya pili alikwenda ingawa hakuitwa. Alimkuta Machano mlangoni anatabasamu.

"Tumepata mwengine."

"Mwengine nani?"

Machano akamwonyesha kwa kidevu. Mwisho wa benchi, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya kazi ya sindano imekaa sawasawa kichwani, alikuwa Kheir. Alikwenda polisi mwenyewe, hakumwambia mtu. Bi Sichana alikuwa amekaa pembeni yake, kamshika kiganja, anakipapasa.

"Mkono ndio huu," alikuwa anasema kizee. "Huu naujua."

Mwatima akaenda akasimama mbele yake. Kheir akanyanyua mkono mwengine.

"Usinambie kitu," alisema. "Nakuomba. Nimeshajisema mwenyewe vya kutosha."

Aliingia, akaeleza kwa sauti yake ile, hata waliokuwa nje wakasikia. Alipomaliza, kabla wakili hajasimama kumuuliza, Anuar aliomba kusema. Wakili akamvuta koti. Anuar akautoa mkono wa wakili taratibu.

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema. "Yote. Mgeni alikuwa ananipigia, ndege ishatua. Sikumwona bibi mpaka nilipomsikia."

Alitozwa faini, akanyang'anywa leseni kwa muda, akaamriwa alipe na gharama za matibabu. Bima nao walichukua wakati wao, kwa barua na kwenda na kurudi, na Machano hakuwapa nafasi ya kulala. Mwisho walilipa. Mguu wa Bi Sichana haukunyooka kama zamani. Hakurudi tena kwenye maji. Akawa anaanika mwani juu ufukweni, akiwapigia kelele wanawake wenziwe walio baharini, na kwa maelezo ya Machano, kelele hizo zinafika mpaka kijiji cha Uroa.

Bi Maisara hakusahau. Mwatima akimwamkia ngazini alikuwa anaitikia "Marahaba", na hapo hapo anaishia. Mwatima aliendelea kumwamkia, kila siku, bila ya kusubiri zaidi. Alikuwa amejua bei kabla ya kununua, na hakutaka kumlaumu mama kwa kuwa mama. Anuar mwenyewe ndiye aliyekuja saluni siku moja, akasimama nje ya mlango, akasema amepata kazi ya kupakia mizigo bandarini mpaka leseni irudi. Hakusema jengine. Mwatima akamwambia Mungu amsahilishie, na alimaanisha.

Mabibi harusi walirudi, kama alivyosema Nusrat. Na kaka yake alipopiga simu ya mwisho kuuliza habari ya tiketi, Mwatima alimwambia nafasi ya dukani wampe mtu mwengine.

"Umepata kazi ya serikali?" aliuliza kaka yake kwa furaha.

"Wapi! Nani atanipa?"

"Sasa unabakia kufanya nini?"

Mwatima alifikiri. "Nina mambo yangu hapa," alisema, na akajisikia akicheka.

Hakuacha kuisema nchi. Anaisema mpaka leo, tena sasa anaisema vibaya zaidi, kwa sababu anajua mlango upi unafungwa na nani. Vyeti alivitoa chini ya godoro, akaomba kazi tena, na mara hii usaili ulipokwisha aliandika kuomba aonyeshwe alama zake na za waliochaguliwa. Hawajamjibu. Ameandika tena. Na daftari la wapigakura lilipofunguliwa alipanga foleni na mama yake, akimweleza kila aliye mbele na nyuma yake kwamba hategemei miujiza, anataka tu siku ya kudai asiambiwe hakuwapo.

Juzi nilipopita pale, alikuwa kashika mguu wa msichana mmoja wa Fumba, ua la pili bado halijafunga. Kheir akaingiza kichwa mlangoni, vijana watatu nyuma yake. Nyuma ya jumba, chemba ya maji machafu imekaa wazi muda mrefu, mfuniko umeibwa, na asubuhi hiyo mtoto wa watu alikuwa ametumbukia mguu mzima.

"Tumeshapiga picha," alisema Kheir. "Mtoto tumempeleka hospitali, mama yake yuko tayari kusema, na sisi wanne tumeona. Tunaanzia wapi?"

"Kwa sheha wa mtaa," alisema Mwatima. "Akituzungusha, manispaa. Na wote twende, asibaki mtu."

Akalimaliza lile ua bila ya haraka, akamwambia bibi harusi akae na mguu wake hivyo hivyo mpaka hina ikauke, akajitupia mtandio. Nusrat alitikisa kichwa, akavuta kiti akakaa pale alipokuwa Mwatima. Vijana walikuwa wameshatangulia barabarani, na Mwatima akatoka nyuma yao akiwauliza kwa sauti nani kati yao atakayezungumza mwanzo.